Nataka kuandika programu za setilaiti: nianzie kwenye bodi za pampu?

Swali: "Shikamoo Mhandisi. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta na huu ni mwaka wa pili naandika programu za simu. Tangu utotoni ninachokitaka ni kuandika programu zinazoendesha setilaiti. Sasa nimeitwa na kampuni inayotengeneza bodi za kielektroniki za kuongozea pampu na mota za viwandani. Mshahara ni mdogo kuliko ninaopata, na wenzangu wanasema nitakuwa nimejirudisha nyuma. Je, miaka hiyo kwenye bodi itanisogeza au itanipoteza? Ni lazima nirudi chuo nikasomee uhandisi wa anga? Na nijifunze lugha gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Nenda kwenye pampu. Kuna hali mbili tatu ambazo ningekwambia usiende, nitazifikia huko mbele, kwa sababu si kila meza yenye bodi inamfundisha mtu kazi. Lakini hilo la kwamba utakuwa unarudi nyuma litoe kichwani leo hii. Nimefanya kazi hii tangu nikiwa na umri kama wako, kwanza kwenye mitambo ya hapa chini, baadaye kwenye vyombo vinavyorushwa, na kila ninapotafuta kijana wa kuandika programu ya setilaiti, kitu cha kwanza ninachokiangalia kwenye wasifu wake ni kama amewahi kukaa na bodi iliyomgomea.

Nikueleze tofauti ilipo. Programu ya simu inaishi kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa. Ukihitaji kumbukumbu unaomba, unapewa. Ukitaka kujua saa ngapi unauliza, unajibiwa. Programu ikianguka, mtumiaji anaifungua upya. Chini yako kuna mfumo endeshi, na huko chini kabisa kuna chipu ambayo hujawahi kuhitaji kuijua kwa jina. Kwenye setilaiti nyumba hiyo mara nyingi haipo, au ipo nusu. Unaandika namba kwenye anwani fulani ya kumbukumbu, na kwa sababu ya namba hiyo vali inafunguka, au gurudumu la kugeuzia chombo linaanza kuzunguka. Bodi ya pampu iko hivyo hivyo: unaandika namba, mota yenye uzito wa mtu mzima inageuka. Tofauti ni kwamba pampu ikigoma unaifuata ukaishika. Setilaiti ikishaondoka, ukiacha chache mno kama darubini ya Hubble ambayo wanaanga waliifuata mara tano kati ya 1993 na 2009, hakuna mkono utakaoigusa tena. Kwa hiyo miaka yako ya kwanza ni ya kujifunza jinsi makosa yanavyoonekana ukiwa umeyashika, ili siku moja uweze kuyatambua bila kuyashika.

Nikupe mfano wangu. Katika kazi yangu ya kwanza nilipewa kuandika programu ya kusoma kihisi cha jotoridi. Kihisi kile kiliongea na prosesa kwa waya mbili, mmoja wa data na mwingine wa mapigo ya saa, utaratibu utakaoukuta kila mahali kwa jina la I2C. Mezani kwangu kilisoma vizuri. Kikipelekwa kwenye kabati la majaribio kinaanza vituko: nyuzi 25, nyuzi 25, halafu ghafla namba isiyoingia akilini, halafu kimya. Nilikaa siku tatu nikiupekua msimbo wangu mstari kwa mstari. Nikaandika upya sehemu ambazo hazikuwa na kosa. Nikapachika vicheleweshi hapa na pale kama mtu anayebandika plasta bila kujua kidonda kiko wapi.

Siku ya nne fundi mmoja mtu mzima, ambaye sidhani kama aliwahi kuandika programu, alisogeza osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, akabana waya wa ardhi, akagusisha ncha kwenye waya wa data. Mawimbi ya aina hii yanatakiwa kupanda wima kama ukuta. Yetu yalipanda kwa mteremko, yamejikunja kama pezi la papa. "Hii haifiki juu kwa wakati," akasema. Katika I2C chipu huushusha waya tu. Kazi ya kuupandisha imeachiwa rezista, kipande kinachobana umeme unaopita. Waya wa mezani ulikuwa mfupi kama kidole, wa kwenye kabati ulikaribia mita, na waya ukirefuka unahitaji chaji nyingi zaidi kuujaza. Rezista yetu ya kiloomu 10 ilikuwa inaupitishia chaji kwa unyonge, na prosesa ikawa inasoma sifuri mahali palipotakiwa moja. Akaitoa, akalehemu ya kiloomu 2.2. Ukuta ukasimama. Kazi nzima haikuchukua hata nusu saa.

Tangu siku ile sijawahi tena kuanza kutafuta kosa nikiwa nimeshaamua liko upande gani. Hilo ndilo ninalotaka ulipate, na halifundishiki kwa kusoma. Mtu aliyekulia kwenye programu tupu huiona kompyuta kama kitu cha mantiki tu. Mtu aliyekaa benchi anajua ni kitu chenye joto, chenye umeme unaoyumba, chenye waya zinazolegea na saa isiyokwenda sawasawa, na kwamba mantiki imejengwa juu ya hayo yote.

Pampu itakupa jambo lingine ambalo simu haikupi, nalo ni muda. Programu ya simu hufungwa na kufunguliwa mara kumi kwa siku. Pampu ya kiwandani huwashwa ikaachwa miaka. Fanya hesabu hii mwenyewe kwenye karatasi: ukihesabu milisekunde kwa namba ya biti 32 isiyo na alama ya hasi, inajaa baada ya hesabu 4,294,967,296, yaani siku 49 na saa 17 na dakika chache, kisha inarudi sifuri. Programu iliyoandikwa kuuliza "je, saa ya sasa imezidi saa niliyoipanga?" siku hiyo itakwama au itafanya kitu kabla ya wakati wake. Iliyoandikwa kutoa saa ya kuanza kutoka saa ya sasa, kisha kulinganisha tofauti, itavuka salama. Mistari miwili inayofanana kwa macho, na hakuna jaribio la mchana mmoja litakaloitenganisha.

Huo si mchezo wa darasani. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliagiza ndege za Boeing 787 ziwe zinazimwa umeme kwa vipindi, kwa sababu vidhibiti vya jenereta zake vingeweza kujifunga vyenyewe baada ya siku 248 za kuwaka mfululizo. Chukua biti 31, hesabu kwa sehemu ya mia ya sekunde, uone unapata siku ngapi. Kisha mtazame Deep Impact, chombo cha NASA kilichoachia kipande kikaigonga nyotamkia Tempel 1 Julai 2005. Agosti 2013 kiliacha kujibu, na wahandisi waliona sababu inayoelekea zaidi ni saa yake ya ndani, iliyoiweka kompyuta katika hali ya kujiwasha upya bila kukoma. Hesabu sehemu za kumi za sekunde tangu tarehe mosi Januari 2000 kwa biti 32, utaona zinajaa Agosti 11, 2013. Nilipoifanya hesabu hiyo mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda. Mtu aliyewahi kuona pampu ikisimama siku ya hamsini hawezi kuandika kaunta kama hiyo bila mkono kusita.

Wala usidhani waliofanya makubwa kwenye kazi hii walianza wakiwa wameiva. Don Eyles aliajiriwa mwaka 1966 katika maabara ya MIT iliyokuwa ikibuni kompyuta ya Apollo. Alikuwa na shahada ya hisabati, uprogramu alikwenda kujifunzia hapo hapo, na akaja kukabidhiwa sehemu ya programu ya kutua mwezini. Kompyuta yenyewe ilikuwa na maneno 36,864 ya kumbukumbu ya kudumu na 2,048 ya kumbukumbu inayofutika, kila neno biti 15 na moja ya ukaguzi. Kumbukumbu ya kudumu ilisukwa kwa mkono na wanawake kiwandani kwa Raytheon: waya ukipita ndani ya kipete cha sumaku ni moja, ukipita nje yake ni sifuri. Ukikosea, kurekebisha ni kusuka upya. Sijui namna bora ya kumwonyesha kijana kwamba programu ni kitu chenye mwili.

Februari 1971, Alan Shepard na Edgar Mitchell wakiwa kwenye mzingo wa mwezi na Apollo 14, kompyuta ya chombo cha kutulia ilianza kupokea ishara ya kitufe cha kukatisha utuaji, ilhali hakuna aliyekibonyeza. Wanaanga wakigonga ubao, ishara inatoweka, kisha inarudi. Ilidhaniwa chembe ya risasi ya kulehemu ilikuwa ikielea ndani ya swichi. Kama wangeanza kushuka na chembe ile ikagusa tena, kompyuta ingetii amri: ingeacha kutua na kuwarusha juu. Eyles hakuwa amefika miaka 30, na muda uliokuwepo ulikuwa wa saa chache. Aliandika mfululizo mfupi wa namba, Mitchell akauingiza kwa vidole kwenye kibao chake, na kwa namba zile kompyuta ikaamini tayari iko ndani ya programu ya kukatisha, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kukitazama tena kitufe. Wakatua mwezini, eneo la Fra Mauro, tarehe 5.

Watu husifu ujanja wa namba zile. Mimi kinachonigusa ni kwamba alijua hasa ishara ya swichi ile inasomwa na kipande gani cha programu, kwa masharti gani, na ni nini kingeifanya isisomwe. Alijua mahali chuma na msimbo vinapokutana. Mahali hapo ndipo utakapokuwa unashinda kila siku kwenye kampuni ya pampu.

Kuna kitu kimoja pampu haitakufundisha, nacho ni mionzi. Huko juu, chembe yenye nishati kubwa ikipenya silikoni huacha mkia wa chaji, na mkia huo ukiangukia mahali biti imehifadhiwa, moja inaweza kugeuka sifuri. Hata chini tunaguswa mara moja moja. Mwaka 2003, katika uchaguzi wa Ubelgiji, mashine moja ya kura huko Schaerbeek ilimpa mgombea kura 4,096 zisizokuwepo. Namba hiyo ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 12, yaani biti moja tu iliyopinduka, na programu ilipopekuliwa haikukutwa na kosa. Angani hili si tukio la kushangaza. Ni hali ya hewa. Kwa hiyo kila neno la kumbukumbu hubeba biti za ziada za kulisahihishia, na programu hupita mara kwa mara ikisoma kumbukumbu yote na kuandika upya palipoharibika. Mahesabu nyeti hufanywa mara tatu na jibu la wengi likafuatwa. Pembeni hukaa saa ya mlinzi: kaunta inayoshuka kuelekea sifuri, na programu isipoirudisha juu kwa wakati, kompyuta yote inawashwa upya. Saa hiyo ya mlinzi utaikuta kwenye pampu pia. Ijue vizuri, hasa kosa la kawaida la wanaoanza, la kuirudisha juu ndani ya kikatizo, yaani kipande cha programu ambacho chipu hukiita chenyewe kila baada ya muda bila kuisubiri programu kuu. Hapo programu kuu inaweza kuwa imekufa siku nzima na mlinzi bado anaambiwa mambo shwari.

Kwa sababu ya mionzi, prosesa za angani ni za polepole kuliko watu wanavyodhani. Gari la Curiosity lililotua Mars Agosti 2012, na Perseverance lililofuata Februari 2021, yote mawili yanaendeshwa na RAD750, ndugu aliyekomazwa wa PowerPC 750 ya miaka ya 1990, isiyozidi megahezi 200. Simu yako ina kasi mara nyingi zaidi ya hapo.

Lakini hapa kuna habari itakayokufurahisha. Helikopta ndogo Ingenuity, iliyofika Mars tumboni mwa Perseverance, ilibeba Snapdragon 801, chipu ya simu, ikiendesha Linux. Na kwa kuwa chipu ya simu haiaminiki huko, kando yake waliweka mikrokontrola (kompyuta ndogo za chipu moja) mbili za aina inayotengenezwa kwa ajili ya usalama kwenye magari, ambazo ndizo zilizoshika usukani wa kuruka. Simu upande mmoja, kidhibiti cha mitambo upande mwingine! Wewe tayari una mguu mmoja, na hao wa pampu wanataka kukupa wa pili. Tarehe 9 Aprili 2021, katika jaribio la kuzungusha mapanga kwa kasi kamili, saa ya mlinzi iliisha wakati kompyuta ikijaribu kuingia hali ya kuruka, na jaribio likakatwa. Wakarekebisha mpangilio wa amri, na tarehe 19 ikapaa. Ilikusudiwa kuruka mara tano hivi. Hadi Januari 2024 ilikuwa imeruka mara 72. Mfumo wa programu uliotumika, F Prime wa JPL, maabara ya NASA, uko wazi kwa umma. Upakue wiki hii, uuwashe kwenye kompyuta yako, usome jinsi walivyogawanya kazi katika vipande vidogo vinavyotumiana ujumbe. NASA pia imeachia mfumo mwingine uitwao cFS. Mmoja unatosha kwa kuanzia.

Na ukitaka kuona kutafuta kosa bila kushika kunafananaje, ifuatilie Voyager 1, chombo cha NASA kilicho mbali sana angani. Iliondoka Septemba 1977. Novemba 2023, ikiwa umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24, ilianza kutuma data isiyosomeka: redio inafanya kazi, lakini ndani ya ishara hakuna habari. Amri ilichukua zaidi ya saa 22 kufika, na jibu muda kama huo kurudi. Machi 2024 wahandisi walituma amri ya kuichokoza kompyuta ya data ijaribu njia nyingine, na katika kilichorudi mmoja wao alitambua nakala ya kumbukumbu yote ya kompyuta hiyo. Wakailinganisha na nakala ya zamani, neno kwa neno. Wakaona asilimia 3 hivi imeharibika, sehemu inayolingana na chipu moja ya kumbukumbu. Chipu haiwezi kubadilishwa. Hakukuwa na nafasi moja kubwa ya kutosha kuhamishia msimbo ule, basi wakaukata vipande, wakavitawanya kwenye nafasi ndogo ndogo, wakarekebisha kila mahali palipotaja anwani za zamani. Aprili 18 wakatuma kipande cha kwanza. Aprili 20 jibu likafika, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano chombo kikaeleza hali yake. Ukiitazama kazi ile hatua kwa hatua, haina tofauti na ya fundi wangu na osiloskopu: usibahatishe, pata kipimo, linganisha kilichopo na kinachotakiwa kuwepo, ndipo uguse.

Nisikufiche upande usiopendeza. Sehemu kubwa ya kazi ya anga si kuandika msimbo. Ni kusoma nyaraka, kuandika majaribio, kuyaendesha, kuandika yalivyokwenda, na kukaa vikaoni kubishana juu ya neno moja kwenye hati ya makubaliano kati ya timu mbili. Wengi huona ni urasimu, mimi siwaungi mkono. Septemba 1999 chombo cha NASA kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kikifika Mars kwa sababu programu moja ya hapa duniani ilitoa nguvu za msukumo kwa paundi wakati walioipokea walitarajia nyutoni, tofauti ya mara 4.45. Hakuna biti iliyopinduka, hakuna chipu iliyoungua. Kwenye kampuni ya pampu utakabidhiwa hati za aina hiyo kuhusu mota za watu wengine. Zisome hadi tanbihi za chini ya jedwali, na kila namba isiyo na kipimo mbele yake iulizie kwa maandishi.

Jizoeze pia kuandika kama wanavyoandika wa angani hata kama hakuna anayekulazimisha. Mwaka 2006 Gerard Holzmann wa JPL alichapisha kanuni 10 za msimbo usioruhusiwa kukosea. Usitumie ujirejeshi, yaani kipande cha programu kujiita chenyewe. Kila kitanzi kiwe na kikomo kinachojulikana. Usiombe kumbukumbu mpya baada ya programu kuanza. Kipande kimoja cha msimbo kisizidi karatasi moja. Kagua kila jibu linalorudishwa. Mwanzoni zitakukera, maana zinakunyang'anya nusu ya vitu ulivyovizoea kwenye simu. Zifuate miezi sita kwenye bodi yako uone ni makosa mangapi yanayokosa mahali pa kujificha.

Kuhusu chuo: hapana, usirudi kwa sababu hiyo. Margaret Hamilton aliyeongoza programu za Apollo alikuwa na shahada ya hisabati, na Eyles nimeshamtaja. Kinachohitajika ni ujue misingi ya mizingo, jinsi mwelekeo wa chombo unavyoelezwa kwa namba, na kwa nini saa ni jambo gumu huko juu. Hayo mtu mwenye hisabati yako anayapata kwa jioni za mwaka mmoja. Kama kuna chuo karibu nawe chenye timu ya setilaiti za mchemraba, zile za sentimita 10 kila upande ambazo Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs walizibuni mwaka 1999, kawaombe kazi ya kujitolea. Timu hizo huwa na wanafunzi wengi wa kuchora umbo la chombo na wachache sana wanaoweza kuifanya redio iongee na prosesa.

Lugha: C, na uijue hadi uweze kusoma maagizo ya mashine inayoyazalisha. Kisha Python kwa ajili ya majaribio, kwa sababu mlango ambao wengi huingilia kwenye setilaiti ni wa majaribio: bodi zote za chombo zimetandazwa mezani na kuunganishwa kwa nyaya, na mgeni anapewa kuandika programu za kuzijaribu usiku kucha. C++ itafuata, Rust ikikupendeza. Usihangaike zaidi ya hapo kwa sasa.

Kikwazo kimoja kijue mapema kisije kikakuvunja moyo. Sheria za Marekani za kuzuia teknolojia nyeti isitoke nje ya nchi hiyo, hasa ile iitwayo ITAR, hufanya kampuni nyingi za roketi na vyombo vya anga za huko ziajiri raia na wakaaji wa kudumu tu. Ukikataliwa huko huenda hakuna aliyepima uwezo wako kabisa. Setilaiti hutengenezwa katika nchi nyingi siku hizi, na programu za vituo vya ardhini zinahitaji watu kila mahali.

Sasa zile hali za kutokwenda. Kama kampuni hiyo hununua bodi zilizokwisha tengenezwa na kazi yako itakuwa kujaza namba za mipangilio, usiende. Kama waandishi wa programu wanakaa ghorofa moja na mafundi wa bodi ghorofa nyingine na hawakutani, utajifunza polepole mno. Kama hakuna hata mtu mmoja aliyekutangulia miaka mingi kwenye kazi hii ambaye yuko tayari kusimama nyuma ya kiti chako, mshahara mdogo hautakuwa na fidia. Na ukienda, jipe miaka miwili hadi mitatu. Mwaka wa kwanza unajifunza bodi, wa pili unajifunza kwa nini ziliharibika zile ulizozipeleka mwaka wa kwanza, na huo wa pili ndio wenye thamani, usiondoke kabla yake.

Kabla ya kusaini waombe wakutembeze. Tazama kama osiloskopu ziko mezani kwa wanaoandika programu au zimefungiwa kabatini. Halafu muombe mmoja wao akuonyeshe bodi iliyorudishwa na mteja kwa ubovu, na akusimulie walivyolipata kosa. Msikilize hadi mwisho bila kumkatiza. Akianza na walichokipima, kwa kifaa gani, na namba iliyotoka, saini. Akianza na nani alilaumiwa, rudi kwenye simu zako na unitumie barua nyingine ukipata nafasi mahali pengine.